Kufuli Mbili, Msingi Nusu Mita

Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya kijivu, kimo chake kinakufika kiunoni. Juu lilikuwa na mwanya mwembamba kama wa kibubu, na mbele kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao katibu wa bodi ya zabuni, wa pili alikaa nao mhasibu, na hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu wagombee kiwanja. Bosi wetu alipenda kusema kwamba ugomvi wao ndio kufuli ya tatu.

Nilianza kazi mwaka 1984, kijana wa miaka 21, karani msaidizi wa mkadiriaji majenzi katika ofisi moja ya ujenzi ya mkoa. Mkoa sitautaja. Waliokuwepo watajijua, na wasiokuwepo hawapungukiwi kitu. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kulibeba lile sanduku, mimi na mhudumu, kutoka koridoni hadi chumba cha mikutano siku ya kufungua tenda. Neno rasmi lilikuwa zabuni, lakini hakuna aliyelitumia akiwa nje ya kikao.

Saa nne kamili kufuli zilifunguliwa. Bahasha za kaki zikamwagwa mezani, kila moja na lakiri yake nyekundu, na chumba kizima kikanuka nta iliyoungua. Katibu alikata kwa wembe, polepole, kama anayemnyoa mtoto. Alisoma jina la kampuni, kisha bei, akianza na tarakimu na kumalizia na maneno. Makandarasi waliokaa kwenye mabenchi waliandika bei za wenzao kwenye pakiti za sigara. Bei ya chini iliposomwa ungesikia mtu mmoja akishusha pumzi na wengine wakisogeza mabenchi. Mwenyekiti alisaini kila ukurasa. Mimi nilisimama mlangoni nikiamini kwa moyo wote kwamba pale ndipo haki ya nchi inapogawanywa.

Ilinichukua miaka kumi kujua kwamba nilikuwa nimelinda mlango usiopitwa na mtu.

Siku zile kazi nyingi za serikali zilifanywa na serikali yenyewe kupitia vikosi vyake vya ujenzi, au zilipewa mashirika ya umma kama MECCO. Makandarasi binafsi walikuwa wachache. Kazi kubwa zilikwenda Bodi Kuu ya Zabuni, Dar es Salaam, na za saizi yetu zilibaki kwenye bodi ya mkoa. Lakini bei iliyosomwa mbele ya sanduku ilikuwa hadithi tu, kwa sababu saruji haikuwapo. Wazo Hill, Tanga na Mbeya kulikuwa na viwanda, ila mtu wa mkoani alipata mfuko kwa kibali, na kibali kilitolewa na mtu, na mtu ana shemeji. Mkandarasi angeweza kushinda tenda Januari akapata saruji Septemba. Nimewahi kuona kibali cha mifuko 300 ya kujengea nyumba ya mganga kikizaa baa ya ghorofa moja upande wa pili wa mji. Nyumba ya mganga ilikwama kwenye lenta kwa miaka minne, popo wakahamia. Jalada lake la zabuni lilikuwa safi kama sahani ya bibi harusi.

Kwa hiyo sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Wazee wenzangu tukikutana msibani huwa tunapenda kudanganyana hivyo. Kilichokuwepo zamani, na ambacho nakitafuta leo bila kukiona, ni mzee mmoja na ufito wake.

Alikuwa msimamizi wa saiti, mtu wa PWD wa enzi hizo, idara ya kazi tuliyorithi kwa mkoloni. Hakuwa na digrii. Alikuwa na kibanda cha mabati kilichohamishwa kutoka saiti moja hadi nyingine, godoro, jiko la mkaa, na ufito wa nondo ya milimita 12 aliousawazisha ncha kwa nyundo na kuutia alama kwa msumeno kila sentimita 30. Alilala saiti. Kila mtaro wa msingi ulipochimbwa, kabla zege halijamwagwa, aliingia mwenyewe, akausimamisha ufito, akaukanyaga kuona kama chini ni kugumu au ni kifusi. Fundi akichanganya zege alihesabu makarai kwa sauti: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Karai la tano la kokoto likiingia, aliinuka kwenye kigoda chake bila kusema neno, na vibarua wote wakajua leo kuna kazi ya kurudia.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea karatasi za kusaini. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuniangalia, macho yake yako kwenye mtaro. Nikamwambia ofisini wanazitaka karatasi haraka. Akanipa ufito.

“Ingia upime, kijana wangu.”

“Mzee, nina viatu vya ofisi.”

“Basi na hizo karatasi zirudi ofisini na viatu vyake.”

Niliingia. Nilitoka na matope hadi magotini, na tangu siku hiyo alikuwa akiniita “karani wa viatu.” Nililichukia lile jina. Leo, mtu akiniuliza vyeti vyangu, ningependa kuwa nalo kwenye ukuta.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ukaja wakati wa kupunguza watumishi wa serikali, na nafasi yake, pamoja na za wenzake wanne waliokuwa wakilala saiti, haikujazwa. Hoja ilikuwa kwamba serikali haitajenga tena kwa mikono yake. Itaajiri makandarasi na kuwasimamia. Nadhani lilikuwa wazo zuri. Ila kwenye bajeti neno “kuajiri” lilipata fungu, neno “kuwasimamia” likapata Land Rover moja kwa wilaya nne, nayo mara nyingi haina mafuta.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Juni 1994 nilitumwa kupima kazi ya zahanati, kijiji cha mbali kwenye ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kwa ardhi ya namna ile mchoro uliagiza msingi uende chini mita 1.00. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na pesa isiyotumika hurudi Hazina. Nilifika tarehe 27, jua linaelekea magharibi. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Mtaro ulikuwa umefukiwa na kushindiliwa, umefagiliwa hata.

Mkandarasi alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye kujua kukaribisha wageni. Nilimuuliza msingi una kina gani.

“Kama mchoro unavyosema, mheshimiwa.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mheshimiwa. Koleo lilikuwa kwenye gari. Kufukua kando ya ukuta mahali pamoja ni kazi ya nusu saa kwa vibarua wawili, nao walikuwa wamekaa pale wakisubiri kuambiwa. Dereva alikuwa anaangalia saa. Ofisini walikuwa wanaisubiri hati ya malipo. Nikafungua daftari la vipimo juu ya boneti, nikaandika: kina, 1.00. Nikasaini.

Tulipofika nyumbani nilikuta nyuma ya gari kuku wawili waliofungwa miguu na debe la mchele. Sikuwarudisha. Mke wangu aliuliza nani kazaliwa.

Masika ya 1996 ukuta wa chumba cha kujifungulia ulipasuka kutoka kona ya dirisha hadi chini, mkono unapita. Walipofukua walikuta msingi una sentimita 52. Akina mama wakahamishiwa kwenye chumba cha dawa, wanajifungua katikati ya makatoni. Kipindi cha matazamio kilikuwa kimepita zamani, mkandarasi ameshachukua fedha yake ya zuio, na kampuni yenyewe imeshabadili jina. Jalada likaitwa. Tangazo la zabuni lilikuwemo. Muhtasari wa ufunguzi ulikuwemo, umesainiwa kila ukurasa. Mshindi alikuwa wa bei ya chini kihalali. Daftari la vipimo lilikuwemo, na ndani yake namba yangu na saini yangu. Jalada halikuwa na doa, likarudishwa kabatini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Desemba mwaka huohuo wa 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake kuhusu kero ya rushwa, na tenda za umma pamoja na ujenzi wa barabara vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa waziwazi. Ofisini tulipokezana nakala za magazeti tukisoma kimya, kila mtu akitafuta kama ametajwa mtu wa juu yake. Mimi nilijitafuta mwenyewe. Sikuwemo, bila shaka. Taarifa za namna ile haziwezi kufika kwenye debe la mchele.

Kisha mageuzi yakaja, na yalikuja kwa kishindo. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria tatu zilizofuatana namba kama ndugu waliozaliwa kwa mfululizo: Na. 15 ya wahandisi, Na. 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Na. 17 ya makandarasi. Kila kundi likapata bodi yake. Makandarasi wakapangwa kwa madaraja, la saba likiwa la chini na la kwanza lisilo na kikomo cha thamani ya kazi. Mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa zilikabidhiwa TANROADS. Mwaka 2001 tukapata sheria ya kwanza ya ununuzi wa umma iliyosimama kwa miguu yake, badala ya kutegemea kanuni za fedha. Ile ya 2004 ikaifuta na kuleta mamlaka ya kudhibiti, ikaondoa mambo mikononi mwa bodi moja kuu na kuyashusha kwa kila taasisi. Ya 2011 ikaifuta ya 2004. Ya 2023 ikaifuta ya 2011. Hata neno lilibadilika: tulianza na manunuzi ya umma, leo ukiandika hivyo kijana wa sheria anakusahihisha kwa kalamu nyekundu, ni ununuzi.

Sitaki kuyabeza. Mtu aliyekosa tenda mwaka 1984 akiuliza kwa nini, alionekana hana adabu. Leo anapewa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo kabla mkataba haujasainiwa, anaambiwa amekosea wapi, na akiona ameonewa anakata rufaa. Nimeshuhudia mkandarasi wa daraja la saba, mtu wa baiskeli, akiisimamisha taasisi yenye magari arobaini kwa barua ya kurasa mbili. Hilo zamani halikuwepo hata kwenye ndoto. Na kule kugawanya madaraka, afisa masuuli huku, bodi ya zabuni kule, kamati ya tathmini pale, kulimfanya mwizi alazimike kuwalisha wengi, na wengi hawali kimya.

Ila angalia nguvu zote zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye sanduku.

Mwaka mmoja baada ya sheria ya 2004 nilikuwa katibu wa kamati ya tathmini ya ujenzi wa vyoo vya shule, matundu sita. Jalada lilikuwa nene kuliko tofali. Tulikaa vikao vitano. Katika kuhakiki hesabu za wazabuni watatu niligundua kwamba kipengele cha milango, 6 mara bei ya mlango mmoja, kilikuwa kimekosewa. Nikafungua zabuni ya pili: bei ya mlango ni nyingine, lakini makosa ni yaleyale, amezidisha kwa 9. Ya tatu vilevile. Kampuni tatu, anwani tatu, mihuri mitatu, na wote wamezidisha kwa 9. Mtu mmoja alikaa usiku akaandika zote tatu, akakosea ya kwanza, akanakili kosa.

Nikalipeleka kikaoni kama aliyeokota dhahabu. Mwenyekiti alitazama, akacheka, akasema kosa la hesabu halimfungi mtu. Wa bei ya chini akapata. Wakaguzi walipokuja mwaka uliofuata walikagua kama tangazo lilikaa siku za kutosha, kama muhtasari una saini, kama mkataba umetolewa ndani ya muda. Tulipata alama nzuri. Hakuna aliyeomba kuviona vyoo. Naamini hawakuagizwa, orodha yao ya ukaguzi ilikuwa na mistari mingi, na mstari wa vyoo haukuwemo.

Halafu kuna kitu ambacho kila mwenye duka la vifaa anakijua na ambacho sanduku halikukijua kamwe: bei ya serikali. Mfuko wa saruji una bei ya mtu wa kawaida na bei ya serikali, na ya pili iko juu kwa sababu serikali hulipa inapojisikia. Mkandarasi anakopa benki kuanzisha kazi, hati ya malipo inakaa miezi, riba inapanda. Akiwa mwerevu huiweka riba hiyo ndani ya bei tangu mwanzo. Akiwa na njaa hushusha bei ili ashinde, kisha hujilipa saitini: ringi za nguzo zilizotakiwa kukaa kila sentimita 20 zinakaa kila 35, na mfuko mmoja uliotakiwa kutoa tofali 25 hadi 30 unatoa 45. Tofali la namna hiyo ukilibeba linakuachia mchanga kifuani. Huo wote ni wizi unaotokea baada ya lakiri kukatwa, mahali ambapo yule mzee alikuwa ameweka kigoda.

Mara moja moja nchi nzima huamshwa. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Kila mara tunaunda tume, tunauliza kibali kilitolewa na nani. Ni swali la haki. Lakini zege halisomi kibali.

Kuchoshwa na makandarasi na bei ya serikali ndiko kulikotuletea force account, ujenzi wa taasisi kununua vifaa yenyewe na kuwaita mafundi wa mtaani. Shule ikaunda kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mkuu wa shule akaacha chaki akaenda kupatana bei ya nondo. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa Sh20 milioni kila moja, na yalisimama ndani ya miezi michache. Niliyaona ya kwetu. Mengi ni mazuri, bei ambayo mkandarasi angeicheka. Wazee wakasema hii si mpya, ni msaragambo umevaa suti. Walikuwa sahihi nusu. Wakati wa msaragambo, kijiji kizima kiliona mtaro ukichimbwa, na mzee wa ufito alipita. Safari hii mhandisi wa halmashauri alikuwa mmoja na saiti zake ni arobaini, mwalimu wa Jiografia akiwa ndiye anayepokea nondo na kuhesabu mifuko. Nilimsikia mmoja akimuuliza fundi kwa unyenyekevu, “Samahani fundi, hii ndiyo kumi au kumi na mbili?” Fundi akamjibu ni kumi na mbili. Ilikuwa kumi.

Nilistaafu mwaka 2023, nikiwa na miaka 60. Mwaka huohuo mfumo wa NeST ulichukua nafasi ya TANePS, na zabuni zote za umma zikahamia mtandaoni. Kwa hiyo mimi na sanduku tulistaafu pamoja. Mara ya mwisho nilipopita ofisini nililikuta chini ya ngazi, kufuli hazipo, wafagiaji wamelitia madekio na ndoo.

Binti yangu ni mkandarasi. Alianza daraja la saba, sasa yuko la sita, na anaomba tenda akiwa amelala kwenye kochi langu saa sita ya usiku, kompyuta tumboni. Mara ya kwanza nilimuuliza lakiri ameweka wapi. Akacheka hadi akakaa.

“Baba, hakuna lakiri. Muda ukifika mfumo unajifungua wenyewe.”

“Na funguo anakaa nazo nani?”

“Hakuna mtu.”

Nilikaa na hilo neno siku mbili. Miaka yangu 39 yote ya kazi, tatizo letu lilikuwa nani anakaa na ufunguo, na sasa jibu ni hakuna mtu. Binti asiye na mjomba wizarani anashindana na wenye wajomba. Sheria imewatengea wazawa kazi za hadi Sh50 bilioni, na asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nilifurahi kama mtu anayeona mtoto wake akila alichokosa yeye.

Lakini yeye mwenyewe hana usingizi, na kinachomkosesha si ufunguzi. Benki inataka hati ya nyumba ndipo impe dhamana ya utendaji, na nyumba ni yangu. Ana hati ya malipo ya mwaka jana inayozunguka mezani kwa watu. Jioni moja alinionyesha kwenye simu jinsi anavyotuma maendeleo ya kazi: picha, tarehe, hata mahali ilipopigiwa. Nikaivuta kwa vidole viwili. Mtaro wa msingi, umenyooka, umesafishwa, kivuli cha fundi pembeni.

“Una kina gani?”

“Mita moja, Baba. Si unauona?”

“Naona shimo. Picha haina ufito.”

Hakujibu. Asubuhi aliniamsha saa kumi na moja na nusu, akaniambia nivae viatu ambavyo sivihurumii.

Ilikuwa saiti ya madarasa mawili, nje kidogo ya mji, tena mbuga, udongo mweusi uleule. Kokoto na mchanga vimeshamwagwa, mifuko imepangwa juu ya mbao, mashine ya kuchanganyia inanguruma bila kitu ndani. Fundi mkuu alikuja kunisalimia kwa heshima zote, shikamoo mzee, karibu mzee, huku akituzuia njia kwa mwili. Vibarua wapo ishirini, alisema, wamelipwa kwa siku, kazi lazima ianze.

“Zege halilali, mama,” alimwambia binti yangu.

Usemi huo nimeusikia maisha yangu yote. Maana yake ni kwamba ukishachanganya zege humalizi kesho; unamwaga hadi liishe hata kukiwa na giza. Ni usemi wa watu wa kazi, na ni wa kweli. Lakini pale mtaroni nilikumbuka mara ngapi nimeusikia ukisemwa kabla hata maji hayajaingia kwenye mchanga, ili mtu asiinamie shimo.

“Bado halijazaliwa, fundi,” binti alimjibu. “Hizo ni kokoto.”

Akanipa mkono, nikaingia. Magoti yangu si yale ya 1984. Nilisimama ndani ya mtaro, ardhi ikinifika juu ya kiuno, nikasikia ile baridi ya udongo ambao haujaona jua. Alinirushia futi. Kona ya kwanza, mita moja na sentimita mbili. Ya pili, mita moja. Ya tatu, sentimita 81, na chini nilipokanyaga pakabonyea. Ilikuwa kona ya nyuma, yenye kivuli, isiyoonekana kwenye picha.

Hakuna aliyepiga kelele. Fundi alisema pale walikutana na mzizi. Binti akaomba sururu, akaizima mashine yeye mwenyewe, na vibarua wanne wakachimba. Ilichukua dakika 40. Mzizi haukuonekana. Wakati wanachimba alikaa juu ya mifuko ya saruji akipiga hesabu kwenye simu, na nilijua anahesabu nini: vibarua ishirini mara saa nzima, kwa pesa ambayo haijalipwa na nyumba ambayo si yake.

Tulipima tena. Akatoa daftari la vipimo kwenye mkoba, maana mkataba bado unalitaka, akaandika, akageuza ili nisaini kama shahidi. Kona ya tatu: kina, 1.00.

Nilishika kalamu nikaiangalia ile namba kwa muda. Niliiandika mimi vilevile Juni 1994 juu ya boneti ya Land Rover, kwa mwandiko usiopishana sana na huu. Ukiziweka kurasa hizo mbili mezani bega kwa bega, mbele ya mkaguzi yeyote na mfumo wowote, huwezi kujua ni ipi iliyoandikwa na mtu mwenye matope.

Nikasaini. Mashine ikawashwa.